Hell's Gate, Kereita au Ngong: kundi lenu la baiskeli liende wapi wikendi?

Kwenye msafara wa mamba, kenge hawakosi. Kundi la baiskeli za mlimani ndivyo lilivyo. Yumo kijana anayekanyaga kutoka Westlands hadi Limuru na kurudi kabla ya kuingia kazini, na yumo shemeji yake aliyenunua baiskeli juzi, tandiko bado limevaa nailoni ya dukani. Wote wawili wamechanga, wote wanataka wikendi nzuri, na wewe ndiye uliyetwishwa mzigo wa kuchagua mahali.

Mimi mzigo huo nimeubeba miaka kadhaa. Kundi letu la Nairobi huwa na watu kumi mpaka ishirini, kutegemea ni tarehe ngapi ya mwezi, na mjadala wetu kila mara huishia kwenye majina matatu yaleyale: Hell's Gate kule Naivasha, msitu wa Kereita juu ya Kimende, na vilima vya Ngong. Kote kutatu tumekwenda, tena zaidi ya mara moja. Hakuna hata mahali pamoja panapomfaa kila mtu, na akitokea wa kukwambia papo, muulize alikwenda na nani.

Tunapima kwa vigezo gani

Kufika ni cha kwanza, na hapa sisemi kilomita peke yake. Baiskeli kumi na nne hazipandi matatu. Pikapu moja ikipangwa na mtu mwenye subira, magurudumu ya mbele yamefunguliwa na blanketi kuukuu zimewekwa kati ya fremu na fremu, hubeba kama baiskeli kumi. Ya kumi na moja ndiyo huchubua nyingine zote.

Cha pili ni njia yenyewe: udongo wake, mwinuko wake, na kama mtu wa kawaida ataifurahia au ataisimulia kwa uchungu.

Cha tatu nakiita kuachana na kukutana, na siku hizi nakitanguliza mbele ya vingine vyote. Kundi lenye wepesi na wazito haliwezi kwenda mwendo mmoja kutwa nzima. Wepesi wakilazimishwa kungoja kila kona, misuli inapoa na nyuso zinakunjana. Wazito nao wakijua wanangojwa, wanakanyaga kwa aibu na kuishiwa nguvu mapema. Kundi linahitaji mahali ambapo watu wanaweza kutengana bila mtu kupotea, kisha wakakutana pahali panapojulikana na wote, penye kivuli na maji. Mahali pasipo na hilo, hata njia ikiwa tamu vipi, patawagawa.

Halafu kuna kulala na kula, na mwisho hatari. Kuhusu ada, nitasema unamlipa nani lakini sitataja kiasi, kwa kuwa viwango hubadilika. Hakikisha wiki ileile mnayosafiri.

Hell's Gate

Kufika. Kutoka katikati ya Nairobi ni kama kilomita 90. Ukishuka kwa barabara ya chini ya Mai Mahiu unapita kile kikanisa kidogo kilichojengwa na mateka wa vita Waitaliano mwaka 1942, na pale malori hukokota mpaka mtu anahisi angefika mapema kwa baiskeli. Wasio na gari hupanda matatu mpaka Naivasha mjini, wakabadilisha na kuchukua zile za Moi South Lake Road zinazokwenda Kamere, wakashuka njia panda ya lango la Elsa.

Jambo linaloitofautisha Hell's Gate na wenzake ni kwamba baiskeli za kukodi zipo palepale, njia panda na karibu na lango, tena nyingi. Kundi linaweza kufika mikono mitupu. Lakini kagua kabla ya kulipa. Safari yetu ya pili mwenzetu mmoja alikodishiwa baiskeli inayong'aa, gia zinaitika vizuri. Mita mia mbili ndani akafinya breki ya nyuma na waya ukamfuata mkononi kama uzi wa sweta. Tangu siku hiyo kila baiskeli ya kukodi tunaifanyia jaribio moja: inua gurudumu la mbele, lizungushe, finya breki. Lisiposimama papo hapo, rudisha. Kisha shika usukani na gurudumu la mbele, upindue huku na huku. Ukicheza, rudisha hiyo pia.

Njia. Hifadhi hii ilitangazwa mwaka 1984, ina ukubwa wa kilomita za mraba 68 na ushei, na ni miongoni mwa hifadhi chache za Kenya ambamo unaruhusiwa kutembea kwa miguu au kwa baiskeli katikati ya wanyama. Kutoka lango la Elsa mpaka korongo la Ol Njorowa ni kama kilomita 8 za barabara ya vumbi la volkano, karibu tambarare, majabali mekundu yamekusimamia huku na huku. Mara tu baada ya kuingia unaliona jabali la Fischer, mnara wa mawe wa mita 25 wenye jina la yule Mjerumani aliyepita hapa mwaka 1883. Pundamilia, swala, ngiri na twiga huwa karibu kiasi kwamba watu husahau kukanyaga. Kwa mara ya kwanza nilipopishana na twiga, mimi mtoto wa pwani niliyezoea kuona punda, nilijikuta nimesimama na mguu mmoja chini, sijui kama nipige picha au nimwamkie.

Wenye mapaja wataiona barabara hii rahisi mno, na kwao kuna mzunguko uitwao Buffalo Circuit unaopanda mbali na barabara kuu, wenye mchanga laini unaomeza tairi. Ukielekea upande wa Olkaria unaingia eneo la mabomba ya mvuke wa ardhini, ambako umeme umekuwa ukizalishwa tangu mwaka 1981. Kule kuna lami, magari makubwa na ngurumo ya mvuke. Wapo wanaopenda mandhari hiyo ya kiwanda katikati ya pori. Mimi naona inavunja safari.

Kuachana na kukutana. Kwa kigezo hiki mahali hapa hapana mpinzani. Barabara kuu ni moja. Wepesi huenda Buffalo Circuit, wazito husogea taratibu wakipiga picha, na wote mwisho wao ni ule uwanja wa mapumziko karibu na korongo. Kila mtu anafika kwa wakati wake na hakuna anayetafutwa.

Kulala na kula. Ndani ya hifadhi kuna maeneo ya kambi kama Ol Dubai na Naiberta, unayoyalipia pamoja na kiingilio kwa Shirika la Wanyamapori, KWS, kupitia mfumo wa eCitizen. Fedha taslimu usizitegemee langoni. Maduka hakuna ndani, kwa hiyo maji ni ya kubeba, na kwa siku ya jua hesabu lita tatu kwa kichwa. Nje, ufukweni mwa ziwa, kambi na nyumba za wageni zimejaa kwa kila mfuko, na samaki wa kukaanga hukosi. Ukilala ziwani heshimu ule uzio wa umeme. Kiboko hutoka usiku kula nyasi, na hana habari na hema lako.

Hatari. Korongo lenyewe si la kuchezea. Mvua inaweza kunyesha mbali, nyinyi mko chini kwenye jua, na maji yakafika kwa ghafla kati ya kuta nyembamba. Mwaka 2012 na tena mwaka 2019 watu walikufa humo namna hiyo. Mawingu yakijikusanya upande wowote, achaneni na korongo. Mtu asiwahesabie woga. Nyati nao wapo, kwa hiyo usikate kona kwenye vichaka. Nyani huchukua mkate mkononi.

Halafu kuna adui mdogo asiyeandikwa kwenye vibao: mwiba wa mgunga. Dada mmoja wa kundi letu alitoka barabarani hatua kumi tu, aingie kwenye nyasi apate picha nzuri ya pundamilia. Tairi lake la mbele nililitoa miiba saba kwa kikata kucha. Tyubu tukaipuliza tukaisogeza polepole karibu na mdomo, maana mdomo huhisi pumzi ndogo ambayo kidole hakihisi, na kila tulipoziba tundu moja lingine likapiga mluzi. Tukaishia kubadilisha tyubu nzima. Hell's Gate kila mtu abebe tyubu mbili, na watu wasitoke barabarani.

Inawafaa kundi mchanganyiko, wageni wa baiskeli, wanaokuja na watoto wakubwa, na yeyote anayetaka kuona wanyama zaidi ya kutokwa jasho. Haimfai anayetafuta njia ya kumtoa roho.

Kereita

Kufika. Kereita ni sehemu ya misitu ya ukingo wa bonde, ncha ya kusini ya safu ya Aberdare. Unafuata barabara ya juu ya Nairobi kwenda Nakuru, ukipita Limuru, mpaka Kimende, kisha unachepuka. Umbali ni mdogo kuliko Naivasha na kundi likiondoka saa kumi na mbili asubuhi linakunywa chai Kimende bado ukungu haujainuka. Kipande cha mwisho ni barabara ya udongo, na baada ya mvua kubwa gari dogo hutelezea pembeni kama sabuni. Baiskeli za kukodi zipo kwenye kituo cha michezo ya msituni, ila hazifikii wingi wa zile za Hell's Gate. Kundi kubwa liulize mapema au libebe zake.

Njia. Hapa ndipo baiskeli ya mlimani inapata kazi iliyoumbiwa. Kuna barabara za misitu za kupandia na vijia vyembamba vya kushukia, mizizi imekatiza, miti ya misonobari na misaipresi upande mmoja na msitu wa asili upande mwingine. Mbega huruka juu, wale weusi wenye mikia mirefu myeupe, na husikii kitu ila cheni yako na pumzi zako. Pumzi zenyewe ni za taabu. Uko juu sana ya usawa wa Nairobi, ambayo nayo iko juu, na anayetoka Mombasa moja kwa moja kuja kupanda hapa atajuta mpaka Jumatatu.

Habari ya Kereita lakini ni tope. Vumbi la Naivasha unalipangusa, tope la Kereita linakupanda. Udongo mwekundu ukichanganyika na sindano za misaipresi hukandika kati ya tairi na fremu kama hina iliyokolea, gurudumu linakuwa zito, kisha halizunguki kabisa. Nimeona baiskeli ya bei ya pikipiki imebebwa begani, mwenyewe yuko kimya. Tiba yake ni kijiti. Kila mmoja huchonga chake asubuhi na kukichomeka kwenye mkoba, na mkifika juu ya kila mwinuko husikii mazungumzo, ni kukwangua tu. Tairi zenye meno makubwa yaliyoachana huokoa. Tairi za mjini, hata zikiwa mpya, zitakulaza.

Msimu una neno hapa kuliko kwingine. Machi mpaka Mei ni mvua za masika, msiende ila mnapenda adhabu. Julai na Agosti mvua ni chache lakini ukungu hukaa mpaka saa tano na baridi inauma vidole mpaka huhisi breki. Januari na Februari ndipo mahali hapa panapokuwa pazuri kuliko popote ninapopajua karibu na Nairobi.

Kuachana na kukutana. Kwa kigezo hiki Kereita ni mtihani. Njia panda ni nyingi na zote zinafanana, mtandao wa simu hukatika, na sauti ndani ya msitu hudanganya upande inakotoka. Safari moja wepesi wetu walichukua kushoto, katikati wakachukua kulia, na tukatumia saa mbili kutafuta watu ambao kumbe walikuwa nyuma ya kilima kimoja wakila ndizi. Suluhisho tulilolipata ni kuligawa kundi tangu asubuhi, siyo njiani. Makundi mawili, kila moja na mwenyeji wake anayeujua msitu, na kila moja na mtu wa mwisho asiyeruhusiwa kumpita yeyote. Saa saba mchana mnakutana kituoni. Wenyeji hao hulipwa, na hela yao ni halali yao.

Kulala na kula. Kupiga kambi kunawezekana kwa mpango na Shirika la Misitu, KFS, au na wenye kituo, ila hema la mbu la pwani liache nyumbani. Usiku ni wa sweta mbili na moto. Wengi wetu huamua kulala Limuru na kurudi asubuhi. Chakula si tatizo: Kimende ni nchi ya viazi, kabichi na maziwa, chapati zinapikwa mbele yako, na mwenye kupenda mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na kuchomwa, atakuta moshi wake kabla hajakuta kibanda.

Wasioendesha nao hawakosi cha kufanya. Kuna ule waya wa kuning'inia na kuteleza juu ya msitu, zaidi ya kilomita 2 kwa jumla ya vipande vyake, na kuna matembezi ya miguu hadi maporomoko ya maji na pango ambalo wenyeji hulihusisha na wapiganaji wa Mau Mau. Kundi lenye wake na waume wasiotaka hata kusikia habari ya baiskeli lilipe uzito jambo hili.

Hatari. Kuteleza, kwanza. Mizizi iliyolowa ikatizwe kwa tairi lililonyooka, breki zimeachiwa. Ukifinya juu ya mzizi umeshaanguka, ni vile hujafika chini tu. Kando ya vijia kuna thabai, na ukianguka ndani yake utawashwa mpaka ulale. Ndovu hupita msituni mara mojamoja, ndiyo sababu nyingine ya kwenda na mwenyeji.

Inawafaa waendeshaji waliokwisha kuzoea gia zao, kundi dogo linaloelewana, na watu wanaocheka wakichafuka. Mgeni kabisa inaweza kumfanya aiuze baiskeli.

Vilima vya Ngong

Kufika. Kwa Mnairobi, Ngong ni uani. Matatu namba 111 inakushusha Ngong mjini, na wengi wetu huenda kwa kukanyaga kutoka nyumbani kupitia Karen. Hakuna pikapu, hakuna kulala nje kwa lazima, unalipa kiingilio cha msitu langoni basi. Kwa mwezi ambao mishahara imechelewa, hapa ndipo.

Njia. Unaanza karibu na mitambo ya upepo, ile mikono mirefu myeupe inayoonekana tangu mjini. Ya kwanza ilijengwa mwaka 1993, na hawakuiweka pale kwa urembo. Upepo wa Ngong unasukuma. Kilele kirefu ni mita 2,460, na njia inafuata mgongo wa vilima, kupanda na kushuka, kupanda na kushuka, kama kilomita 10 au zaidi kidogo mpaka Kona Baridi. Kushoto unaiona Nairobi na ukungu wake. Kulia ardhi inaporomoka kwenye Bonde la Ufa, unaona mpaka macho yachoke.

Miinuko mingine ni mikali kiasi kwamba baiskeli inakuwa mzigo wa kusukuma. Unaiweka kulia kwako, unapiga hatua, unafinya breki ili isirudi, unavuta pumzi, unaachia, unasukuma tena. Akikwambia mtu amevipanda vilima vyote bila kushuka, muombe video. Mteremko nao una changarawe inayobingirika juu ya udongo mgumu, na humo ndimo ngozi za viwiko huachwa.

Kuachana na kukutana. Mgongo ni mmoja na vilele vinaonana, kwa hiyo kupotea ni kazi. Taabu ni mahali pa kungojea. Juu ya kilele, jasho limekulowanisha mgongo na upepo unakupiga, dakika kumi za kumngoja mwenzako ni nyingi. Tumezoea kuagana kabisa: tukutane Kona Baridi, na kila wawili wasiachane.

Kulala na kula. Ngong peke yake ni safari ya siku moja. Ili iwe wikendi, lazima muiunganishe. Mnaweza kushuka Kiserian na kulala, au mkafuata barabara ya Magadi mpaka Olepolos kwa nyama choma, ambayo kwa wengine wetu ndiyo sababu halisi ya kuja. Wenye nguvu huendelea Jumapili kushuka mpaka Olorgesailie, kule ambako wanaakiolojia Louis na Mary Leakey walichimbua shoka za mawe miaka ya 1940. Makumbusho ya Taifa yana vibanda vya kulala na uwanja wa kambi pale, ulizia mapema. Joto linapanda kila kilomita mnayoshuka, na kurudi juu kwa baiskeli ni hadithi ya watu wengine. Pangeni gari la kuwafuata.

Hatari. Upande wa juu umewahi kuwa na sifa mbaya ya uporaji, na mpaka leo makundi mengi hulipia askari wa msitu wa kuwasindikiza. Mimi hulipa. Upepo unaweza kumwangusha mtu mwepesi kwenye mgongo mwembamba, na radi ikianza kule juu nyinyi ndio mti mrefu kuliko yote. Kwenye barabara ya Magadi mjipange mstari mmoja, malori hayana subira.

Inawafaa wenye mapafu, wenye mfuko mwembamba, na wanaotaka kujipima. Kwa kundi linalotaka kupiga soga huku linakanyaga, upepo utachukua maneno yote.

Sasa, nyinyi ni nani?

Kama nusu ya kundi haijawahi kuendesha nje ya lami, mimi ningeelekea Hell's Gate bila kupiga kura. Wenye nguvu watalalamika kidogo, wapeni Buffalo Circuit wakirudi watakuwa wametulia. Hivyo hivyo kama kuna wageni kutoka nje ya nchi au jamaa wa ughaibuni waliokuja likizo: twiga mbele ya usukani humalizia mjadala wote.

Kama nyinyi ni sita au wanane mnaojuana mwendo, na ni Januari au Februari, Kereita. Mkiwa zaidi ya kumi na wawili, Kereita bado yawezekana, lakini kwa ile kanuni ya makundi mawili na wenyeji wawili. Msiipunguze kanuni kwa kuokoa shilingi, mtailipa kwa miguu.

Kama hamna gari wala fedha za hema, na mna Jumamosi tu, Ngong. Ongezeni Olepolos na itatosha kuitwa wikendi.

Kama mna watoto wa miaka kumi na kuendelea wanaojua baiskeli vizuri, Hell's Gate, muanze saa moja asubuhi kabla jua halijapanda, na korongo muwaachie wakubwa siku kavu. Kama wenzi wenu hawaendeshi, Kereita ina cha kuwashughulisha, na ufuko wa Naivasha nao vilevile. Ngong itawaacha wamekaa kwenye gari wakisikiliza upepo.

Mvua za masika zikiwakuta mmeshachanga na hamwezi kuahirisha, Hell's Gate ndiyo inayovumilika zaidi kwa upande wa udongo. Mchanga wa volkano hunywa maji haraka. Korongo lakini ndiyo mlisahau kabisa msimu huo.

Sisi tunatoka wikendi ijayo. Kura zilipigwa Jumanne usiku: tisa Kereita, tano Hell's Gate. Ngong haikupata hata moja, kwa sababu wanaoipenda huenda wenyewe kila Jumamosi. Mimi nilikuwa kwenye wale watano. Jana nilipita soko la Gikomba nikanunua soksi za sufu jozi tatu, na kijiti changu cha tope cha mwaka jana nimekikuta bado kimo kwenye mkoba.